Nguvu ya Neno Moja katika Hati

Leo tutasoma habari za mtu aliyesumbuliwa na neno moja.

Mwaka 1935 mtoto alizaliwa mjini Liverpool, Uingereza. Karani wa vizazi aliandika katika hati: mwanamume. Lakini mtoto huyo alijiona nafsini mwake kuwa mwanamke. Mwaka 1960 alikwenda Casablanca, nchini Maroko, akapasuliwa na daktari ili mwili ulingane na nafsi. Jina lake likawa April Ashley.

Akapata pasipoti ya mwanamke, na ofisi ya bima ya taifa ikamhesabu kuwa mwanamke. Akaomba hati ya kuzaliwa nayo isahihishwe. Akakataliwa.

Mwaka 1963 aliolewa. Ndoa ilipoharibika, mume alikwenda mahakamani. Mwaka 1970 Jaji Ormrod aliamua kwamba, kwa mambo ya ndoa, mtu ni vile mwili wake ulivyokuwa alipozaliwa. Kwa hiyo hapakuwa na ndoa tangu mwanzo. Hukumu hiyo iliwafunga watu wengine wa hali yake kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya. Mwaka 2005 April alipata hati mpya iliyosema: mwanamke. Alikuwa na umri wa miaka 70. Alifariki mwaka 2021.

Maswali:
1. Je, pasipoti ilimsaidia April mahakamani? Kwa nini?
2. Someni hati zenu nyumbani. Neno gani, likikosewa, lingewanyima haki?