Mshika Mbili: Utangulizi wa Kulinganisha Lenzi za Zumu

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Lenzi ya zumu imeshika zaidi ya mbili: imeshika karibu, imeshika mbali, na kila hatua iliyo katikati. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha lenzi hizi akianza kwa kuuliza ipi bora, ameanzia mwisho. Swali la kwanza ni hili: kila moja imeponyokwa na nini? Fani nzima imejengwa juu ya swali hilo, na huhitaji kuwa mwanafizikia ili uliulize vizuri.

Lenzi ya kawaida ina urefu mmoja wa fokasi. Ukiwa na milimita 50 na msemaji yuko mbali jukwaani, utasogea wewe au utabadilisha lenzi. Zumu hukuacha umesimama pale pale. Ndani yake makundi ya vioo huteleza: moja hubadilisha ukubwa wa taswira, jingine hulifuata ili kuirudisha taswira hiyo mahali pake juu ya filamu. Makao yake ya asili yalikuwa kamera ya rifleksi, kwa sababu katika kamera hiyo mpiga picha hutazama kupitia lenzi yenyewe. Taswira ikikua, anaiona inakua. Kamera yenye kidirisha cha kutazamia pembeni haina njia rahisi ya kumwonyesha hivyo.

Tuanze na mbili zilizofungua njia. Mwaka 1959 Voigtländer ilitoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82, yenye tundu la f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Mbunifu wake alikuwa Frank G. Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye tayari alikuwa amejipatia jina kwa zumu za kamera za sinema na televisheni. Mwaka 1963 Nikon ikatoa Zoom-Nikkor ya milimita 43 hadi 86, f/3.5, iliyobuniwa na Takashi Higuchi. Namba hizo zina maana: ulalo wa fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36 ni karibu 43, na 86 ni mara mbili yake.

Ziweke mezani pamoja. Zoomar ina vipande 14 vya kioo na mdomo unaodai filta ya milimita 95. Inapokea mwanga mwingi na kuanza kwa upana zaidi, lakini ni nzito mkononi. Nikkor ina vipande 9, na filta yake ni ya milimita 52, ile ile iliyotumika kwenye lenzi nyingi za Nikon za wakati huo. Ni ndogo, na inabebeka siku nzima. Wepesi huo ulilipiwa kwenye mistari. Ukipiga ukuta kwa milimita 43, kingo zake hutuna kama pipa. Ukivuta hadi 86, hubonyea kwa ndani. Mpiga picha wa majengo hawezi kuuvumilia upindaji huo. Anayepiga nyuso za watu anaweza kuitumia miaka mingi asiuone kamwe, kwa kuwa uso hauna mstari ulionyooka. Ndiyo maana nasema lenzi inayokufaa ni ile iliyoponyokwa na kitu usichokihitaji.

Kuna malipo mengine yasiyoonekana kwa haraka. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, karibu asilimia 4 ya mwanga hurudi nyuma ikiwa kioo hakijapakwa utando wa kuzuia mng'ao. Nikkor ya milimita 80 hadi 200, f/4.5, iliyotoka miaka ya 1970 ilipokuwa ikiingia, ilikuwa na vipande 15 katika makundi 10, yaani nyuso 20 zinazogusa hewa. Bila utando, kati ya sehemu 100 za mwanga zingefika 44 hivi. Utando ukipunguza hasara hadi asilimia 1 kwa kila uso, zinafika karibu 82. Tena mwanga uliorudishwa haupotei. Hutangatanga ndani ya lenzi, kisha sehemu yake huangukia filamu kama ukungu, na weusi ukageuka kijivu. Zumu isiyojaribiwa ikielekezwa upande wa jua bado haijajaribiwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Zumu moja ni lenzi kadhaa ndani ya mwili mmoja, na kila moja inastahili kuhojiwa. Chagua urefu wa fokasi wa aina tatu: mfupi, wa kati, mrefu. Kwa kila urefu tumia matundu matatu: lililo wazi kabisa, lililozibwa hatua mbili, na f/11. Rudia yote kwa umbali wa aina mbili, mita chache na mita nyingi. Hizo ni picha 18. Lenzi mbili zinajaza filamu moja ya picha 36, bila hata moja kubaki. Faida yake ni kubwa, kwa sababu zote mbili zimepimwa kwa filamu ile ile na kusafishwa katika dawa ile ile. Tumia filamu ya slaidi ya ISO 100 au chini yake, maana picha ya karatasi imepitia lenzi nyingine, ile ya mashine ya kuchapishia. Weka kamera juu ya miguu mitatu, tumia waya wa kufyatulia, na utafute ukuta wa matofali uliojengwa kwa timazi.

Lakini ukuta haujui kila kitu. Hautakuambia kama pete moja ya kuzungusha na kusukuma inakufaa kuliko pete mbili. Hautakuambia kama fokasi uliyoiweka kwenye urefu mrefu inabaki pale pale unaporudi kwenye mfupi. Katika kamera za kufokasi kwa mkono, sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Wala hautakuambia kama tundu linapungua unapovuta. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hurekebisha jambo hilo chenyewe, ila mpiga picha wa harusi anayekokotoa mwanga wa flashi kichwani atakuta picha zake za mbali zina giza. Haya hupimwa kwa mkono, kazini.

Jambo la mwisho kabla hujatoka. Kamera nyingi za filamu haziandiki popote urefu wala tundu ulilotumia. Chukua daftari, andika namba ya kila picha, lenzi, urefu, tundu na umbali, papo hapo, kabla ya kuvuta filamu kwenda picha inayofuata. Bila daftari hilo, utakachotoa kwenye dawa ni picha 36 za ukuta.