Kukosa Usingizi: Mwananchi wa Pwani Aanzie kwa Mtaalamu Gani?

Usingizi ni hitaji la msingi la mwili kama yalivyo maji na chakula. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za kulala katika kila saa 24, na akizikosa kwa muda mrefu afya yake, kazi yake na usalama wa wanaomzunguka huathirika. Hata hivyo, katika ukanda wa pwani unaoanzia Bunju na Mapinga, kupita Kerege na Zinga hadi mji wa Bagamoyo na vijiji vinavyoelekea Saadani, wapo wananchi wengi ambao riziki yao hupatikana usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa katika siku za giza, walinzi hukesha malindoni, waendesha bodaboda husubiri abiria wa mwisho, na mama lishe huwasha moto kabla ya alfajiri.

Usingizi unapopotea, baadhi ya watu hukimbilia vidonge vya dukani, wengine huenda kwa mganga, na hospitali hufikiriwa mwisho. Mpangilio huo huchelewesha tiba, kwa kuwa kukosa usingizi mara nyingi ni dalili ya tatizo jingine. Anayetafuta msaada hana budi kujua kwanza chanzo, kisha amfuate mtaalamu anayehusika na chanzo hicho.

Lini kukosa usingizi huhitaji tiba

Si kila usiku wa kukesha ni ugonjwa. Msiba, mtihani, joto la Januari au kelele za ngoma ya jirani huweza kumnyima mtu usingizi kwa siku chache, na hali hiyo huisha yenyewe. Wataalamu huliita tatizo kuwa sugu pale mtu anaposhindwa kulala, kuamka mara kwa mara au kuamka mapema mno kwa usiku usiopungua mitatu kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, huku mchana akiwa mchovu au akishindwa kutimiza shughuli zake.

Hata hivyo, si lazima kusubiri miezi mitatu ndipo kumwona mtaalamu. Anayesinzia akiwa kwenye usukani au ndani ya chombo baharini anapaswa kutafuta msaada mapema, kwa sababu ajali haisubiri ugonjwa uwe sugu.

Zahanati ndiyo mlango wa kwanza

Mfumo wa huduma za afya nchini umepangwa kwa ngazi, kuanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda na ya Taifa. Mwenye tatizo la usingizi anashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tabibu wa ngazi hiyo anaweza kupima shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na mkojo, na vipimo hivyo vichache hufichua sababu nyingi.

Mathalani, mtu anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo anaweza kudhani kuwa hana usingizi, kumbe ana kisukari, tezi dume iliyopanuka au kichocho cha mkojo, ugonjwa unaofahamika katika maeneo ya pwani. Anayeamka akikohoa na kifua kikibana huenda ana pumu. Anayeshindwa kupumua akilala chali, na akalazimika kuegemea mito, anapaswa kuchunguzwa moyo bila kuchelewa. Kwa watu hawa, dawa ya usingizi haigusi kiini cha tatizo.

Ili kumsaidia tabibu, mgonjwa anashauriwa kuandika katika daftari, kwa wiki mbili, saa aliyolala, saa aliyoamka, mara alizoamka na vinywaji alivyokunywa jioni, ikiwamo kahawa, chai, pombe na vinywaji vya kuongeza nguvu. Abebe pia dawa zote anazotumia, za hospitali na za asili, na ikiwezekana afuatane na mtu anayelala naye chumba kimoja, kwa kuwa mkoromo na mishtuko ya usiku huonekana zaidi kwa aliye macho.

Tatizo likizidi uwezo wa kituo, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi iliyopo Kibaha. Kwa wakazi wa Bunju na maeneo mengine ya Kinondoni, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mwananyamala. Juu ya hizo ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye huduma Upanga na Mloganzila.

Mtaalamu huchaguliwa kwa kufuata dalili

Mtu anayekoroma kwa nguvu, ambaye wenzake humwona akikata pumzi kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka, na ambaye mchana husinzia hata akiwa kwenye mazungumzo, huenda njia yake ya hewa hujiziba akiwa usingizini. Hali hii huambatana mara nyingi na unene uliozidi na shinikizo la juu la damu. Mgonjwa wa namna hii aombe rufaa kwa daktari bingwa wa pua, koo na masikio au wa magonjwa ya ndani. Kwake yeye vidonge vya usingizi na pombe ni hatari, kwa kuwa hulegeza zaidi misuli ya koo.

Anayekosa usingizi kwa sababu ya mawazo, hofu, huzuni isiyokwisha au kukata tamaa anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Sonona hujitokeza mara nyingi kwa kuamka usiku wa manane na kushindwa kulala tena. Kumwona mtaalamu huyo si dalili ya wazimu, na mwanafamilia hapaswi kuonewa aibu kwa hilo.

Kwa kukosa usingizi kulikokuwa sugu, tiba inayopendekezwa kwanza ni ya kisaikolojia, ambayo humfundisha mgonjwa kubadili mazoea. Huamka saa ileile kila siku, hutumia kitanda kwa kulala tu, na usingizi usipokuja kwa takribani dakika 20 huondoka kitandani hadi atakaposikia kusinzia. Tiba hii huhitaji wiki kadhaa za subira, lakini manufaa yake hudumu kuliko ya vidonge.

Wapo pia wanaokosa usingizi kutokana na dawa wanazotumia. Dolutegravir, iliyomo katika dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI, huweza kuwanyima usingizi baadhi ya watumiaji, na mara nyingi hutosha kuhamishia dozi asubuhi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo zikinywewa jioni. Mgonjwa arudi kwenye kliniki iliyompa dawa, wala asiiache au kubadili saa za kuitumia bila ushauri.

Vidonge vya usingizi si bidhaa ya kujichagulia

Diazepamu na dawa za kundi lake hutolewa kwa cheti cha daktari. Mwili huzizoea ndani ya wiki chache, kisha mtumiaji hushindwa kulala bila hizo, na kuziacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa. Muuzaji anayezitoa bila cheti hamsaidii mteja wake. Mfamasia ndiye mtu sahihi wa kuulizwa namna dawa zinavyoingiliana, si mbadala wa uchunguzi.

Jinamizi na tiba asili

Wengi pwani wamewahi kuamka wakahisi wamekaliwa kifuani, macho yakiona lakini mwili haujongei. Hali hiyo, inayoitwa jinamizi, hutokea akili inapoamka kabla ya misuli kutoka katika ulegevu wa ndoto. Hudumu kwa sekunde au dakika chache, haiui, na huwapata zaidi wenye usingizi wa vipandevipande na wanaolala chali. Hofu ya popobawa iliyoikumba Zanzibar mwaka 1995, ambapo watu walilala nje kwa makundi, inaonesha namna hali kama hiyo inavyoweza kuzua taharuki inapokosa maelezo. Jinamizi linalojirudia mara kwa mara, au linaloambatana na kusinzia mno mchana, lifikishwe kwa daktari.

Tiba asili inatambuliwa nchini kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza linalosajili watoa huduma. Anayechagua njia hiyo ahakikishe mganga amesajiliwa, amweleze daktari dawa anazopewa, na asikubali kuacha dawa za hospitali.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja endapo anazungumzia kujiua, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hajalala kwa siku kadhaa huku akiwa na nguvu zisizo za kawaida, ana maumivu ya kifua, au ametikisika kwa degedege usingizini. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua karibuni ambaye hawezi kulala hata mtoto akiwa amelala, na ameanza kuchanganyikiwa.

Wanachama wa bima ya afya wanakumbushwa kufuata utaratibu wa rufaa na kutunza barua wanayopewa, kwa kuwa huduma ya ngazi ya juu huitegemea. Mwananchi asiyejua aanzie wapi anaweza kumuuliza mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji au mtaa wake, au kupiga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya.