Uyoga wa Kianjai: Sahani Kabla ya Chupa

Maharagwe yakishapurwa Kianjai, uani hubaki rundo la maganda na mabua. Mahindi yakipukuchuliwa, hubaki magunzi ya kuwashia moto. Wanaousifu uyoga siku hizi hawaanzii kwenye rundo hilo. Huanzia kwenye vidonge na vichupa, wakiahidi kuponya kisukari, presha, hata saratani. Ila thamani ya uyoga iliyo wazi kabisa iko huko kwenye maganda. Uyoga chaza huvunja selulosi na lignini, vitu ambavyo tumbo la binadamu halina uwezo navyo. Maganda hukatwakatwa, huloweshwa, huchemshwa kwenye pipa ili kuua vijidudu, hupozwa, kisha huchanganywa na mbegu na kushindiliwa mifukoni gizani. Baada ya wiki tatu hivi mfuko huwa mweupe pepepe kwa nyuzi za kuvu, tayari kutobolewa. Atakayesema ng'ombe watapunjwa malisho ana hoja kuhusu maganda, lakini gunzi lililokwisha kupukuchuliwa ng'ombe haliwanii sana.

Hoja nzito zaidi ni ya maji. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, na gramu 100 zake zina protini gramu 3 tu, wakati maharagwe yaliyochemshwa yana 8 au 9. Wanaoulinganisha na nyama hutumia hesabu za uyoga mkavu, na hiyo ni kupiga chuku. Faida yake katika sufuria ya githeri iko kwingine. Niasini ya mahindi imejifunga kiasi kwamba mwili huipata kwa shida, ilhali gramu 100 za uyoga chaza zina miligramu 5 hivi, karibu theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Tena uyoga una ergosteroli, ambayo miale ya jua huigeuza vitamini D. Kianjai, jirani ya ikweta, jua halikosekani. Mkulima hupata vitamini hiyo kwa ngozi yake shambani, lakini mzee asiyetoka ndani ataipata kwenye uyoga ulioanikwa.

Na dawa je? Japani iliidhinisha lentinani, inayotokana na uyoga wa shiitake, mwaka 1985, itumike pamoja na dawa za saratani ya tumbo. Wauza vichupa hupenda mfano huu. Lakini lentinani ni sindano: imechujwa, ikapimwa kipimo, na haikuchukua nafasi ya matibabu mengine. Mchuzi wa uyoga hauwezi kudai sifa hiyo, wala unga usiojulikana umetoka wapi.

Wanaouogopa uyoga wa porini wana sababu. Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa kupikwa, na kwa kawaida mlaji huanza kuumwa saa 6 au zaidi baada ya kula, ini likiwa tayari linashambuliwa. Uyoga wa mfukoni, ambao mbegu yake inajulikana, hauna kitendawili hicho.