Azimio la Musoma

Azimio la Musoma ni uamuzi wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU uliofikiwa mjini Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara nchini Tanzania, mwezi Novemba 1974. Linajulikana hasa kwa kuagiza kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka 15 ya kusubiri ikawa 3. Kwa sababu hiyo azimio hili hutajwa mara nyingi kama mfano wa jambo lililokubaliwa na wote lakini likawa linaahirishwa, hadi lilipowekewa tarehe ya karibu.

Sababu za kusubiri

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mwezi Machi andiko la "Elimu ya Kujitegemea", lililotaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika kwa watoto wengi watakaoishi vijijini, si ngazi tu ya kwendea sekondari. Hata hivyo, miaka saba baadaye watoto wengi walikuwa bado hawajaingia darasani.

Mwaka 1989 haukuchaguliwa kwa uvivu. Uliwekwa katika mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano (1969–1974) kufuatana na uwezo wa nchi: kwanza vyuo vitoe walimu, kisha madarasa yajengwe, ndipo watoto waandikishwe. Kwa mtaalamu wa mipango hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kwa mtoto mwenyewe haikuwa hivyo. Aliyekuwa na umri wa miaka 7 mwaka 1974 angekuwa na miaka 22 ifikapo 1989, na umri wa shule ya msingi ungekuwa umempita zamani. Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo, alianza shule akiwa na miaka 12 hivi, mwaka 1934, huko Mwisenge mjini Musoma.

Utekelezaji

Azimio liligeuza mpangilio wa hatua hizo. Watoto wangeandikishwa kwanza, na vitu vingine vingetafutwa kwa kadiri vilivyopatikana. Karo ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Katika vijiji vipya, ambako watu wengi walikuwa wamehamishiwa wakati huo, wananchi walichangia nguvukazi kujenga madarasa. Pale ambapo vyumba havikutosha, wanafunzi walisoma kwa zamu au chini ya miti.

Kikwazo kikubwa kilikuwa walimu. Ilikadiriwa kwamba walimu wapya takriban 40,000 walihitajika, wakati vyuo vya ualimu vilikuwa na uwezo wa kutoa 5,000 hivi kwa mwaka. Kwa kasi hiyo kazi ingechukua miaka minane, hata kama hakuna mwalimu ambaye angestaafu au kuacha kazi. Jibu lililopatikana lilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini kwa miaka mitatu. Sehemu ya siku walifundisha watoto, na sehemu nyingine walisoma wenyewe kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mafunzo ya ana kwa ana, kisha wakamalizia kwa muda mfupi chuoni. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hii.

Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima.

Gharama ya haraka

Mpango huo ulijulikana kwa kifupi UPE, kutokana na jina lake la Kiingereza, na mtaani herufi hizo zikapewa tafsiri ya kejeli: "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli hiyo ilikuwa na msingi. Madarasa yalijaa kupita kiasi, vitabu vilikuwa haba, na kijana mwenye elimu ya darasa la saba hakuweza daima kufundisha vizuri darasa hilohilo. Lakini iliwaonea walimu hao pia, kwani katika vijiji vingi hapakuwa na mwalimu aliyesoma zaidi ambaye wangemchukulia nafasi. Bila wao hapangekuwa na darasa.

Tatizo lingine lilikuwa juu zaidi: nafasi za sekondari hazikuongezwa kwa kasi ileile, hivyo ni sehemu ndogo sana ya waliomaliza darasa la saba iliyoendelea na masomo.

Nchi jirani ya Kenya ilipitia jambo linalofanana. Ilifuta karo ya madarasa ya kwanza hadi la nne kuanzia Januari 1974 na shule zikafurika, lakini michango ya ujenzi iliyofuata iliwarudisha watoto wengi nyumbani.

Vipengele vingine

Azimio lilitaka pia elimu iunganishwe na kazi, na mitihani ya mwisho isiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Wahitimu wa kidato cha sita hawakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Walipaswa kwanza kufanya kazi na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Idadi ya wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka, na muda si mrefu wanawake waliondolewa sharti hilo.

Baadaye

Vita vya Kagera (1978–1979) na msukosuko wa uchumi viliipunguzia serikali uwezo wa kugharimia shule. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi walianza kulipa tena, na uandikishaji ukashuka. Karo ilifutwa upya kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, na madarasa yakajaa tena kabla ya walimu na vyumba kutosha.