Je, Wajua? Tisa mbili za mwaka 1974

Mpenzi wa mpira wa Kisangani, awe wa TS Malekesa au AS Nika, akitaja kipigo cha 9-0 ambacho Zaire ilikipata kutoka kwa Yugoslavia katika Kombe la Dunia la 1974, mkumbushe haya. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyewahi kuwa kipa, alimtoa kipa Kazadi Mwamba dakika ya 21, mabao yakiwa matatu. Dimbi Tubilandu, aliyeingia badala yake, akafungwa sita. Mashabiki walishuku kocha amependelea nchi yake. Lakini wachezaji wenyewe walikwishavunjika moyo kwa kunyimwa posho zao, na hilo ndilo zito zaidi. Vyombo vya habari vya nje havichoki kusimulia kipigo hicho. Inauma, maana Machi ya mwaka huohuo, chini ya Vidinić huyohuyo, Zaire ilitwaa Kombe la Afrika, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9.