Kamera ya Mara si ya Roma: Vifaa vinavyomfaa msafiri wa Ulaya

MPIGA picha aliyezoea kunasa simba na nyumbu katika hifadhi ya Maasai Mara hana haja ya kupima uzito wa vifaa vyake. Lenzi yake ndefu hulala juu ya kifuko cha maharagwe kwenye dirisha la gari, mkoba wa akiba umo kiti cha nyuma, na dereva ndiye anayemfikisha penye picha.

Mtu huyo huyo akiabiri ndege kwenda Ulaya kwa likizo ya majuma mawili, mambo hubadilika kabisa. Huko gari ni miguu yake mwenyewe. Atatembea kutwa juu ya mawe yaliyopangwa katika barabara za Roma. Atapanda na kushuka madaraja ya Venice, mji wenye madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa ya ngazi. Akitaka kuutazama mji wa Florence kutoka juu ya kuba la kanisa kuu, atakwea ngazi 463 pasipo lifti. Kila alichokifungasha Nairobi, bega lake litakijua.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa safari yenyewe imemeza akiba ya miaka kadhaa, na huenda isirudiwe tena, msafiri huona ni heri kubeba kila alicho nacho kuliko kujuta mbele ya safari. Ifikapo siku ya tatu, mkoba umebaki hotelini na picha zote zinapigwa kwa simu. Kamera ya bei ghali imekwenda Ulaya na kurudi bila kuiona.

Hesabu ya gramu huonyesha jinsi mzigo unavyokua kimyakimya. Kamera ya Canon EOS 5D Mark III, iliyopendwa sana na wapiga picha wa harusi, ina uzito wa gramu 950 pamoja na betri yake. Lenzi ya EF ya milimita 24 hadi 70, toleo la pili la f/2.8, ni gramu 805. Ile ya milimita 70 hadi 200, pia toleo la pili la f/2.8, ni gramu 1,490. Jumla ni gramu 3,245, na hapo bado chaja, koti la mvua na chupa ya maji.

Kwa upande mwingine, kamera isiyo na kioo cha ndani kama vile Sony a6400 ina gramu 403, na lenzi yake ya milimita 18 hadi 135 ina gramu 325. Vyote viwili havifiki robo ya ule mzigo wa kwanza. Aidha, lenzi hiyo moja huona karibu kila ambacho zile mbili za Canon zingeona, tangu upana wa uwanja hadi sanamu iliyo juu ya paa la kanisa. Inachokosa ni uwezo wa kuona gizani, na hilo lina dawa yake.

Tatizo la uzito si geni, na kwa hakika ndilo lililochangia kuzaliwa kwa kamera ndogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, alipenda kupiga picha matembezini ilhali alisumbuliwa na ugonjwa wa pumu. Kamera za wakati huo zilitumia sahani za vioo, na kuzibeba mlimani kulimshinda. Akaunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, ikitoa picha za kipimo cha milimita 24 kwa 36. Ilianza kuuzwa mwaka 1925 kwa jina la Leica, na kipimo hicho ndicho kinachotumiwa hadi leo kupimia kamera za kidijitali.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Leica na lenzi moja ya milimita 50. Picha yake mashuhuri ya mwanamume anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, ya mwaka 1932, ilipigwa kupitia upenyo wa ua. Lenzi ya kumtafuta chui juu ya mti wa mbali isingeingia hapo.

Kuhusu hizo milimita, kanuni ni nyepesi. Kadiri nambari inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyoona mapana. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyovuta kilicho mbali. Mbugani watu hutaka milimita 400 na zaidi kwa sababu mnyama hasogelewi. Katika miji ya kale ya Ulaya shida ni kinyume chake. Mitaa ni myembamba, jengo ni refu, na mpiga picha akirudi nyuma hatua tatu anagota ukutani. Chemchemi ya Trevi kule Roma, kwa mfano, imebanwa katika uwanja mdogo uliojaa watu tangu asubuhi. Anayeitaka yote katika picha moja anahitaji lenzi pana, ya milimita 24 au 28 kwa kipimo kile cha Leica. Kamera zenye kihisi mwanga kidogo zaidi hubana picha, na kwa aina kama hiyo ya Sony nambari iliyo kwenye lenzi huzidishwa kwa 1.5. Ndiyo maana lenzi ya 18 hapo huona kama ya 27.

Baada ya upana, swali linalofuata ni la mwanga, na hapa msafiri kutoka karibu na Ikweta ana mengi ya kujifunza upya. Nairobi jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mjini Paris mwezi Juni, jua huchwa karibu saa nne usiku, na mwanga wa dhahabu hudumu kwa muda mrefu juu ya mto Seine kabla ya taa za Mnara wa Eiffel kuwashwa. London mwezi Desemba ni kinyume: jua limekwisha kutua kabla ya saa kumi alasiri. Anayekwenda majira ya joto atapiga picha nyingi za nje. Anayekwenda Krismasi atapiga nyingi za usiku na za ndani ya majengo. Vifaa vyao haviwezi kuwa sawa.

Isitoshe, hazina kubwa ya Ulaya imo ndani ya makanisa na majumba ya makumbusho, mahali penye mwanga hafifu. Huko stendi ya miguu mitatu aghalabu hairuhusiwi, wala flashi. Jumba la Louvre huruhusu picha za mkusanyiko wake wa kudumu, lakini limepiga marufuku flashi, stendi na fimbo za kujipigia picha. Musée d'Orsay, jirani yake ng'ambo ya mto, ilikataza picha kwa miaka kadhaa hadi ilipolegeza amri hiyo mwaka 2015. Katika kikanisa cha Sistina kule Vatikani, ambako Michelangelo alichora dari kati ya mwaka 1508 na 1512, hairuhusiwi kupiga picha yoyote, na walinzi hawachoki kuwakumbusha watalii. Mikoba mikubwa nayo huachwa mlangoni katika majumba mengi.

Basi stendi ibaki nyumbani. Badala yake, mahali pake pachukuliwe na lenzi ya pili, ndogo na nyepesi, isiyovuta, yenye tundu pana la kupitishia mwanga. Tundu hilo huandikwa kwa nambari ya f, na nambari ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi iliyo kwenye f/5.6. Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo mishumaa ya Notre-Dame, kanisa lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, itaonekana vyema au itakuwa ukungu wa rangi ya chungwa. Lenzi ya Canon ya milimita 50 ya aina hii ina gramu 160 tu, na ni miongoni mwa zile za bei nafuu zaidi. Mpigaji akiegemea nguzo na kuzuia pumzi, stendi haitamkumbuka.

Kamera moja, lenzi moja ya kuvuta, lenzi moja ndogo ya gizani. Kwa wasafiri wengi hayo yanatosha, na anayeamini hayatoshi aanze kwa kujiuliza ni picha gani hasa anayoikusudia.

Je, simu peke yake haitoshi? Kwa baadhi ya watu inatosha, na si aibu kusema hivyo. Simu nzuri za siku hizi hupiga picha pana zinazopendeza, hata usiku. Udhaifu wake hujitokeza kitu kikiwa mbali, au kikitembea mahali penye giza, au picha inapotakiwa kuchapishwa kubwa na kutundikwa ukutani. Asiyekusudia lolote kati ya hayo anaweza kuacha kamera na kununua pawabenki.

Droni ni habari nyingine. Tangu mwisho wa mwaka 2020, nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni za pamoja zinazomtaka mwenye droni ya kamera kujisajili hata ikiwa ndogo, isipokuwa vitu vya kuchezea watoto. Na anga ya miji mikubwa kama Paris na Roma imefungwa kwa watalii wanaorusha vifaa hivyo. Ni mzigo wa bure.

Wachache ambao bado hutumia filamu nao wana tahadhari yao. Mashine mpya za ukaguzi katika viwanja vya ndege, zinazotumia teknolojia ya hospitali ya kupiga picha za vipande vya mwili, huharibu filamu ambayo haijasafishwa. Inafaa kuitia katika mfuko unaoonyesha ndani na kuomba ikaguliwe kwa mkono.

Upande wa umeme, Mkenya ana bahati nusu. Plagi ya pini tatu za mraba, urithi wa ukoloni, itaingia bila matata katika ukuta wa hoteli ya London. Akivuka kwenda Paris, Amsterdam au Berlin atakuta matundu mawili ya mviringo, na asiye na adapta atalala na betri tupu. Volti za Ulaya ni 230, karibu sawa na za Kenya, kwa hivyo hakuna haja ya transfoma.

Betri za akiba hazitiwi kamwe katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Sheria za usafiri wa anga zinataka betri za lithiamu zibebwe mkononi kwa sababu zinaweza kushika moto, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa kila moja. Betri za kamera nyingi hazifiki hata wati-saa 20. Pawabenki ya milliampea 20,000 ina takriban 74, hivyo hupita. Ya 30,000 huvuka kikomo na huhitaji idhini ya shirika la ndege. Wakati wa baridi kali betri huisha haraka, na iliyo mfukoni karibu na mwili ndiyo itakayookoa siku. Kamera inayotoka kwenye theluji hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingizwa katika chumba chenye joto, la sivyo umande utaganda juu ya lenzi na hata kupenya ndani.

Lakini hasara kubwa ya safari si kamera, ni picha zenyewe. Kamera iliyoibwa hununuliwa nyingine. Picha ya mama mzee akicheka juu ya mashua mjini Venice hainunuliki. Wachopozi wa La Rambla mjini Barcelona, wa treni za chini ya ardhi za Paris na wa basi nambari 64 la Roma linaloelekea Vatikani wana sifa iliyowatangulia, na kamera inayoning'inia kwenye kiti cha mkahawa ni zawadi kwao. Mkanda upitishwe kifuani kwa mshazari. Na kila usiku, kabla ya kulala, picha za siku hiyo zinakiliwe mahali pa pili, iwe ni kwenye simu, diski ndogo au intaneti ya hoteli. Kadi iliyojaa isikae katika mkoba mmoja na nakala yake. Ni afadhali pia kuwa na kadi tatu za wastani kuliko moja kubwa inayobeba safari nzima.

Kuna wanaosubiri wafike Ulaya ndipo wanunue kamera, wakitumaini kurudishiwa ushuru wa thamani. Ufaransa hurudisha kwa mgeni anayenunua bidhaa za zaidi ya euro 100 katika duka linaloshiriki, mradi stakabadhi zigongwe muhuri anapotoka Umoja wa Ulaya. Maduka ya London hayana mpango huo kwa mizigo inayobebwa na msafiri tangu mwaka 2021. Tatizo ni kwamba kamera mpya hujifunzwa kwa majuma, na saa moja mbele ya mnara si darasa. Kwa anayetoka na kamera yake kutoka nyumbani, nakala ya risiti ya ununuzi humpunguzia maswali ya forodha anaporejea JKIA.

Jaribio la mwisho hufanywa kabla ya tiketi kutumika, na halina gharama. Msafiri afungashe mkoba wake kama utakavyokuwa Ulaya, aubebe kuanzia asubuhi katikati mwa Nairobi, kutoka Kencom hadi Makumbusho ya Kitaifa, kisha arudi kupitia City Market ambako mwanga wa ndani ni hafifu kama wa makanisa mengi. Apige picha mpaka jioni. Akifika nyumbani, kifaa ambacho hakikutoka mkobani hata mara moja kirudishwe kabatini.