Kwa Nini Kipokezi cha Betri ya Moyo Kikae Kando ya Kitanda

Mzee mmoja aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, maarufu kama betri ya moyo, alifika kliniki baada ya majuma matatu ya kimya. Kifaa kilikuwa kizima na moyo ulipiga vema, lakini taarifa zake hazikuwa zikitufikia. Tulipomuuliza kilipo kipokezi, alijibu, "Kipo sebuleni juu ya kabati, daktari, wajukuu wasikichezee." Naye alilala chumba cha mwisho.

Baadhi ya betri za moyo hutuma taarifa usiku kwa mawimbi ya redio ya megahezi 402 hadi 405, yaliyotengwa kwa vifaa vya mwilini. Nguvu inayoruhusiwa ni ndogo mno, mikrowati 25 tu. Mawimbi hayo husambaa kama mwanga wa kibatari: kadiri uendavyo mbali, ndivyo nuru ipunguavyo. Mahali pa wazi, umbali ukiwa maradufu, nguvu inayopokelewa hubaki robo; ukiwa mara nne, hubaki sehemu moja ya 16. Kuta hupunguza zaidi.

Masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde, nayo yana athari. Maji na chumvi za mwilini hufyonza mawimbi, na masafa yakipanda, ufyonzaji huzidi. Ndani ya msuli, wimbi la megahezi 400 hupenya takribani maradufu ya lile la megahezi 2,400 linalotumiwa na Bluetooth. Kwa hiyo, ikiwa kipokezi chako ni simu, nayo ilale karibu nawe.

Mgonjwa, weka kipokezi kando ya kitanda, kwa umbali ulioelekezwa, pasipo ukuta wala kabati la chuma katikati. Mawasiliano yakikatika, betri huendelea kuuhudumia moyo. Hatari ni kwamba hitilafu itachelewa kujulikana. Ukizimia au kuhisi kizunguzungu, usisubiri kipokezi: nenda hospitali.

Nanyi wahudumu wa afya, taarifa zikikoma, pamoja na kukagua kifaa, ulizeni mgonjwa analala wapi na kipokezi kiko wapi. Mzee wetu alikihamishia chumbani, na taarifa zikaanza kufika.